Gazeti la gemu mikononi mwa waandishi wake: hesabu, funguo na makaratasi

Mei 2025 yalitokea mambo mawili ndani ya siku kumi. Tarehe 1, Vox Media iliiuza Polygon, tovuti ya gemu iliyokuwepo tangu 2012, kwa kampuni ya Valnet, na waandishi wengi wakapoteza kazi siku hiyohiyo. Tarehe 10, Jeff Bakalar na Jeff Grubb wakatangaza kwamba wameinunua Giant Bomb, tovuti ya video na podikasti za gemu, kutoka kwa Fandom, mwajiri wao. Tovuti moja ilibadilisha mmiliki bila waandishi kuulizwa. Nyingine ikaangukia mikononi mwa watu ambao sauti zao ndizo wasikilizaji wanazolipia.

Njia hii ya pili ndiyo ninayoitakia mema, na sioni sababu ya kuficha. Tatizo ni kwamba mazungumzo juu yake huishia kwenye furaha ya kumtoroka bosi, ilhali chombo kinachomilikiwa na waandishi husimama au huanguka kwa vitu vya kawaida kabisa: jina limesajiliwa kwa nani, nani ana nywila ya akaunti ya malipo, orodha ya barua pepe za wasomaji inakaa wapi, na mkataba unasemaje siku mmoja wenu akiondoka. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Mambo haya si mapya. Giant Bomb yenyewe ilianzishwa 2008 na Jeff Gerstmann na wenzake baada ya tovuti ya gemu ya GameSpot kumfukuza Novemba 2007. Alikuwa ameipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10, na wakati huo tovuti ilikuwa imejaa matangazo ya gemu hiyohiyo. Hadi 2012 ndipo alipoweza kueleza hadharani kwamba tishio la kuondoa fedha za matangazo lilihusika. Mwaka huohuo Giant Bomb ikauzwa kwa CBS Interactive, kisha ikapita kwa Red Ventures, kisha Fandom. Miaka kumi na tatu ya kubadilishiwa wamiliki, hadi ikarudi kwa wafanyakazi.

Wengine walianza upya badala ya kununua. Kampuni ya habari ya Vice ilipofunga Waypoint, tovuti yake ya gemu, 2023, waliobaki wakaanzisha Remap. Novemba mwaka huo watu watano, wengi wao wakiwa wamepitia Kotaku, tovuti kubwa ya habari za gemu, wakafungua Aftermath, mali yao wenyewe. Miezi mitatu kabla, waandishi wanne wa teknolojia waliotoka Vice walikuwa wamefungua 404 Media. Wote hao walikuwa na mfano wa kuutazama: Defector, tovuti ya michezo ya viwanjani iliyoanzishwa 2020 na waandishi waliojiuzulu kwa pamoja kutoka Deadspin. Mwaka wake wa kwanza iliingiza dola milioni 3.2, karibu zote kutoka kwa wasomaji wapatao 40,000 waliokuwa wakilipia. Defector huchapisha taarifa ya mapato na matumizi yake kila mwaka, nami ningemshauri yeyote anayewaza jambo hili azisome zote kabla hajasajili hata jina.

Kwa nini matangazo yaliacha kutosha? Tangazo hulipa kwa idadi ya macho, na macho mengi zaidi huja kupitia Google, yakitafuta jibu la swali dogo: ufunguo wa mlango wa ghorofa ya pili uko wapi, silaha gani inamuua adui mkuu wa mwisho. Kwa hiyo wenye kampuni wakadai miongozo, miongozo, miongozo. Machi 2024 mhariri mkuu wa Kotaku, Jen Glennon, alijiuzulu akipinga agizo la kuacha habari na kuweka miongozo mbele. Lengo lililotajwa lilikuwa miongozo 50 kwa wiki. Miezi miwili baadaye Google ikaanza kuwaonyesha Wamarekani jibu lililoandikwa na akili mnemba juu ya matokeo yote. Swali la ufunguo sasa linajibiwa papo hapo, na aliyecheza saa nane ili kuupata hapati hata msomaji mmoja. Mwongozo ulikuwa bidhaa ya kwanza kuporomoka, na ndiyo bidhaa ambayo wenye kampuni walikuwa wameitupia kila kitu.

Basi fedha itoke kwa msomaji. Hapa ndipo hesabu inapoanza, na inabidi ifanywe kwa senti.

Chukua bei ya dola 7 kwa mwezi. Stripe, mpitishaji malipo anayetumiwa na wengi Marekani, hukata asilimia 2.9 ya kila malipo ya kadi na kuongeza senti 30. Kwa dola 7 hiyo ni senti 50, na kinachokufikia ni dola 6.50. Ukipitia Substack, huduma ya majarida ya barua pepe, ongeza asilimia 10 yao. Patreon, ambako mashabiki humlipa mtunzi kila mwezi, nao wanatoza asilimia 10 kwa wanaojiunga sasa, mbali na ada za malipo. Ghost, programu ya kuchapishia tovuti na barua pepe, haichukui asilimia. Unalipia huduma kwa mwezi. Mtu mmoja mwenye wasomaji 200 hataumia sana na asilimia 10, na Patreon itampa mlisho wa podikasti (kiungo binafsi cha kusikilizia) wa kila mwanachama bila kugusa programu yoyote. Kundi la watu watano wenye wasomaji maelfu litakuwa linatoa mshahara wa nusu mtu kila mwaka kwa ajili ya urahisi huo.

Sasa weka watu watano, kila mmoja akihitaji dola 60,000 kabla ya kodi: jumla 300,000. Weka 40,000 kwa seva, mwanasheria, mhasibu, bima ya kesi za kashfa, programu na malipo ya waandishi wa nje. Msomaji wa mwezi anayekaa mwaka mzima anakuachia dola 78. Gawanya 340,000 kwa 78: wasomaji 4,360 hivi. Ni idadi inayofikika kwa watu ambao majina yao yanajulikana tayari.

Kinachotesa ni kuwabakiza. Ikiwa asilimia 5 wanaondoka kila mwezi, baada ya mwaka unabaki na 54 kati ya kila 100 ulioanza nao, na ili usishuke chini ya 4,360 lazima upate wapya 218 kila mwezi. Punguza waondokao hadi asilimia 3 na unahitaji wapya 131. Tofauti hiyo ya watu 87 kwa mwezi ni kazi ya kampeni nzima, na mara nyingi inapatikana kwa kurekebisha mambo ya kiufundi tu, kwa sababu sehemu ya wanaoondoka hawakuamua kuondoka. Kadi yao imeisha muda, benki imekataa malipo, au wamebadilisha akaunti. Kwa hiyo washa huduma ya kusasisha kadi kiotomatiki, weka ratiba ya kujaribu tena malipo yaliyokwama kwa wiki mbili au tatu badala ya siku moja, na barua ya kumwarifu msomaji iandikwe na mtu, iwe na kiungo kimoja tu, kinachompeleka moja kwa moja kwenye kubadilisha kadi. Ukimtuma kwanza kwenye ukurasa wa kuingia na nywila aliyoisahau, umempoteza.

Kuna hesabu nyingine ambayo waanzilishi wengi huiruka: bei ya mwaka. Tuseme unauza mwaka kwa dola 70. Baada ya makato unapata 67.67. Yule wa dola 7 kwa mwezi anaonekana bora, maana miezi kumi na miwili ni karibu dola 78. Lakini kwa kasi ya kuondoka ya asilimia 5, msomaji wa kawaida wa mwezi atalipa wastani wa mara 9.2 ndani ya mwaka, yaani dola 59.70. Punguzo ulilotoa limekuletea dola nane zaidi kwa kila kichwa, na makato ya senti 30 yamelipwa mara moja badala ya mara tisa. Kwa hiyo kitufe cha mwaka ndicho kiwe kimechaguliwa tayari kwenye ukurasa wa kujiunga.

Fedha hizo za mwaka ni deni, na hapa vyombo vipya vinaumia vibaya. Wiki ya uzinduzi wanaingia watu wengi kuliko wiki nyingine yoyote, akaunti inajaa, kila mtu anaona mshahara upo. Lakini mmeshauza kazi ya miezi kumi na miwili ijayo. Fungueni akaunti ya pili, malipo yote ya mwaka yaingie humo, na kila mwezi mhamishe sehemu moja ya kumi na mbili. Kisha jiandaeni kwa mwezi wa kumi na tatu, maana wale wote wa wiki ya uzinduzi watatozwa upya ndani ya siku chache zilezile, na wengi watakuwa wamesahau. Watumie barua wiki mbili kabla, taja kiasi na tarehe, na uwaonyeshe kazi tano nzuri za mwaka huo. Asiyetaka aondoke kwa amani. Atakayeona dola 70 zimekatwa bila taarifa atalalamika benki, benki itarudisha fedha, na Stripe itawatoza ninyi ada ya mzozo juu yake.

Barua pepe ndiyo mali kubwa kuliko zote, kuliko hata wafuasi laki moja kwenye mtandao wowote wa kijamii, kwa sababu hakuna anayeweza kukuzimia. Januari 2024, 404 Media walianza kumtaka msomaji aache anwani ya barua pepe ndipo asome makala, wakieleza kwamba kazi yao ilikuwa ikinyonywa na tovuti za akili mnemba. Wapo waliokasirika, mimi naona walikuwa sahihi. Ila kuwa na orodha hakutoshi. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka wanaotuma barua kwa wingi (Google huhesabu kuanzia 5,000 hivi kwa siku) wawe wamethibitisha kikoa chao, yaani jina la tovuti yao, kwa SPF, DKIM na DMARC, mifumo mitatu ya kuonyesha kwamba barua imetoka kwao kweli, waweke kiungo cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Asilimia hiyo ni watu 3 kati ya 1,000. Ukiwatumia barua watu elfu kumi ambao hawajafungua chochote kwa mwaka, thelathini tu wakibofya "taka", barua zako zote zinaweza kuanza kuangukia kwenye pipa la taka, zikiwemo za wanaolipia. Kwa hiyo kila baada ya miezi sita waulize waliolala kama bado wanataka, na wasiojibu waondoe, hata kama inauma kuona namba ikishuka. Na pakua orodha nzima kila mwezi, uiweke mahali ambapo kampuni ya barua haiwezi kuifikia.

Jina nalo. Novemba 2023, Nick Calandra, mhariri mkuu wa tovuti ya gemu ya The Escapist, alifukuzwa, na timu yake ya video ikajiuzulu kumfuata. Ndani ya siku chache walikuwa wamefungua Second Wind, wakilipwa na watazamaji kupitia Patreon. Mmoja wao, Yahtzee Croshaw, alikuwa ametengeneza Zero Punctuation, kipindi cha uhakiki wa gemu kwa katuni, tangu 2007, miaka kumi na sita, lakini jina lilikuwa mali ya kampuni. Akaanza kipindi kipya kiitwacho Fully Ramblomatic, sauti ileile, kasi ileile, picha tofauti. Watazamaji walimfuata, na hilo linatia moyo. Video za miaka yote ile hazikumfuata wakati huo.

Ndiyo maana mkataba wa wenye kampuni uandikwe wakati bado mnapendana, na mambo kadhaa yakae wazi humo. Hisa sawa ni njia safi kuliko nyingine niliyoiona, lakini zisipatikane zote siku ya kwanza. Zikue kwa miaka mitatu au minne, la sivyo anayeondoka baada ya miezi mitano anabaki na sehemu ya tano ya jasho la wenzake milele. Anayeondoka anunuliwe kwa njia ya hesabu iliyoandikwa, kwa mfano sehemu yake ya faida ya mwaka uliopita, ikilipwa kwa awamu. Vipindi viwe mali ya kampuni au ya mtangazaji? Chagueni sasa. Maamuzi ya kila siku yaachwe kwa mhariri mmoja, maana kupigia kura vichwa vya habari kutawamaliza. Kura ziwe za bajeti, kuajiri, kuuza chombo na kumwondoa mhariri huyo, na kwa kuuza msikubali chini ya theluthi mbili. Kikoa, akaunti ya malipo na chaneli ya YouTube visajiliwe kwa anwani ya kampuni, wawili wawe na funguo, na nakala ya nywila za dharura iwe kwa mwanasheria.

Kodi ya Marekani huwakuta wengi bila taarifa. Mwenye hisa katika kampuni ya aina ya LLC (yenye dhima ya kikomo) inayotozwa kama ubia si mwajiriwa tena. Hapati fomu ya W-2, ya mshahara wa mwajiriwa, anapata K-1, ya sehemu ya mbia. Hakuna anayemkatia kodi kila mwezi, na juu ya kodi ya mapato analipa asilimia 15.3 kwa ajili ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, sehemu zote mbili, ile ya mwajiri na yake. Malipo ni mara nne kwa mwaka: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Bima ya afya anaitafuta mwenyewe. Dola 60,000 za mwenye kampuni ni ndogo kuliko 60,000 za mwajiriwa, na asiyejua hilo hujilipa kupita kiasi miezi ya kwanza.

Kuhusu kufikia gemu zenyewe, hofu ni kubwa kuliko hatari. Chombo kidogo hupata nakala ya mapema kwa kuchelewa au hakipati kabisa, na uhakiki wake unatoka wiki moja baada ya tovuti kubwa kama IGN. Sawa. Mkishindana kwenye saa ya kwanza mtashindwa na hamtalipwa kwa ushindi huo. Tengeni bajeti ya kununua: gemu kubwa ni dola 70, na baadhi zimeanza kufika 80. Kisha andikeni kinachohitaji siku ishirini za kucheza. Kotaku ilipofungiwa milango na Bethesda na Ubisoft, kampuni za gemu, kwa sababu ya kufichua gemu ambazo hazijatangazwa, iliendelea kwa muda mrefu bila wasomaji kujua, hadi mhariri wake Stephen Totilo alipoandika juu yake Novemba 2015. Kazi haikusimama. Totilo sasa anaendesha jarida lake mwenyewe la barua pepe, Game File, na linaishi kwa habari anazozichimba: nyaraka za mahakama, ripoti za wanahisa, mahojiano. Nyaraka za mahakama hazina tarehe ya zuio, siku ambayo kampuni ya gemu huruhusu uhakiki utoke.

Je, mfano huu unahamishika kwetu? Uandishi ndiyo, njia ya malipo inahitaji kufumuliwa. Stripe haifungui akaunti moja kwa moja kwa kampuni iliyosajiliwa Tanzania au Kenya, na wasomaji wengi hawana kadi, wana simu. Kenya unaweza kupokea M-Pesa kupitia kampuni ya malipo ya Paystack. Tanzania utatumia lipa namba au mpatanishi wa malipo. Lakini ombi la malipo linalotokea kwenye simu humtaka mtu aweke namba ya siri kila mara, kwa hiyo "kujiunga kwa mwezi" kunageuka kumwomba mtu upya kila tarehe 1, na kila ombi ni nafasi ya kusema baadaye. Uza miezi mitatu au mwaka. Mpe msomaji tarehe ya mwisho iliyo wazi, mkumbushe kwa SMS siku tatu kabla, na usimfungie siku ileile, mpe wiki. Na kwa Tanzania, ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza kama unachotaka kuchapisha kinahitaji leseni ya maudhui ya mtandaoni, maana kanuni zilizoanza 2018 zimebadilishwa zaidi ya mara moja.

Limebaki suala la makala za zamani, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Agosti 2, 2024, GameStop, kampuni ya maduka ya gemu, ilifunga Game Informer, jarida la gemu lililoanza 1991. Siku hiyohiyo tovuti nzima ikatoweka, na kila kiungo kikawa kinaelekea kwenye ujumbe mmoja wa kwaheri. Miaka thelathini na mitatu ya mahojiano na safari za studio ilizimwa na mtu mwenye nywila. Machi 2025 jarida lilifufuliwa chini ya kampuni ya gemu ya Gunzilla Games, timu ikarudi na makala zikarudi, lakini haikuwa lazima itokee hivyo. Taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilifungua maktaba yake ya kidijitali Januari 2025 ikiwa na matoleo zaidi ya 1,500 ya majarida ya gemu, na hayo ni yale yaliyowahi kuchapwa kwenye karatasi. Makala ya tovuti haina nakala kabatini kwa mtu.

Chombo chenye wenyewe kinaweza kuzuia hilo kwa mchana mmoja wa kazi kwa mwezi. Toa makala zote kwenye mfumo kama faili za HTML tupu, pamoja na picha zake katika ukubwa halisi, si viungo vya picha. Sauti za podikasti zipakuliwe pia, maana mlisho unaelekeza tu. Weka nakala moja kwenye diski ngumu kwa mwenye hisa mmoja, nyingine kwa mwingine wa mji tofauti, na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni isiyo ya kampuni inayowahifadhia tovuti. Tuma viungo vipya kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za mtandao, siku vinapochapishwa. Na mara moja kwa mwaka fungua ile diski kwenye kompyuta isiyo na intaneti, chagua makala kumi bila mpangilio, uone kama picha zinatokea na kama maelezo chini ya picha yamo. Kinachokosekana mara nyingi ni video zilizopachikwa kutoka YouTube, kwa hiyo zile mlizotengeneza wenyewe zihifadhini kando, na jina la faili liwe na tarehe ya makala yake.